Jiwe la Almasi na Haki ya Aliyeliokota

 

Ndugu zetu, waidhi wetu wakitaka ibra ya mji uliokufa hututajia Adi na Thamudi, au hutuonyesha magofu ya Gedi. Sisi leo twawaletea khabari ya mji uliohamwa juzi tu, mwaka 1956: Kolmanskop, katika jangwa la Namibia, karibu na bandari ya Lüderitz.

Mwaka 1908, nchi ile ikiwa mikononi mwa Wajerumani, mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga uliofunika njia ya gari la moshi, akaona jiwe likimeta. Hakulificha. Alilipeleka kwa msimamizi wake, August Stauch. Stauch akajipatia vibali vya kuchimba, akawa tajiri mkubwa. Lewala hakupewa kitu.

Juu ya jiwe lile pakasimama mji: ukumbi wa dansi, hospitali yenye mashine ya eksirei, na kiwanda cha barafu katika nchi ambayo maji yake yaliletwa kwa meli. Vibarua wa Kiovambo, walioletwa kwa mkataba, walilala mabwenini, na eksirei ile ikatumika pia kuwachungulia matumbo, isiwe wamemeza almasi. Ajabu ya watu hao! Amezaye jiwe ni mwizi, na alaye haki ya mwenziwe ni bwana.

Katika miaka ya 1920 zikaonekana almasi kubwa zaidi kusini, karibu na mto Orange. Watu wakafuata huko, wakaacha majumba, na mchanga ukaingia vyumbani hadi nusu ya milango. Stauch mwenyewe alifilisika, akafa maskini mwaka 1947.

Wako wasemao kwamba mchanga umelipa kisasi. Sisi hatusemi hivyo. Mchanga hauhukumu, na kufilisika kwa Stauch hakukumtia Lewala senti mfukoni. Deni lake liko pale pale, lamngoja Mwenyezi Mungu.

Tena tusiwacheke Wajerumani. Mtume wetu ametuamrisha kumlipa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka, nasi tuna majumba mjini humu yaliyokwisha pakwa chokaa, yakasomewa khitma, watu wakala biriani, na fundi aliyeyajenga angali akija mlangoni akiambiwa, “Njoo kesho.” Wala mwenye nyumba asituambie kwamba ametoa sadaka msikitini. Kwa fundi panajulikana. Apelekewe chake leo, kabla ya Magharibi.