Mmea wa Yohana na Moyo Wenye Huzuni

Somo: Mathayo 11:2–6



Kila mwaka tarehe 24 Juni Kanisa lakumbuka kuzaliwa kwake Yohana Mbatizaji. Siku zizo hizo, kule Ujerumani na katika nchi nyingine za Ulaya, mmea mmoja wa kondeni huchanua maua ya manjano. Wajerumani huuita Johanniskraut, yaani mmea wa Yohana. Ukiyafikicha matumba ya maua yake, hutoka maji mekundu, na watu wa kale walisema kwamba hii ni ishara ya damu ya nabii aliyekatwa kichwa. Ukiliinua jani lake juani, utaona vitone vingi vinavyopitisha nuru, kana kwamba limetobolewa kwa sindano.

Tangu zamani watu wa huko wameutumia mmea huu kwa vidonda, na kwa watu waliolemewa na huzuni na hofu. Wengine waliutundika milangoni ili kufukuza pepo wabaya. Desturi hiyo tusiifuate, maana mlinzi wa nyumba zetu ni Bwana, wala si jani. Lakini je, kuunywa kama dawa ni dhambi? Hasha! Mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu yake, akapona. Wala hatusomi kwamba kwa hiyo aliacha kumtumaini Mungu. Na wazee wetu nao wanayo majani na mizizi yao ya kutuliza moyo. Tuipokee mimea kwa shukrani, bila uaguzi.

Tena wenye elimu wameupima mmea huo. Mwaka 2008 yaliangaliwa pamoja majaribio 29, yaliyofanywa kwa wagonjwa wa huzuni zaidi ya 5,000. Ikaonekana kwamba katika ugonjwa mwepesi na wa kadiri, wafaa kuliko vidonge visivyo na dawa ndani yake. Basi neno letu la mwezi huu si la kukataza. Neno letu ni hili: Dawa ya huzuni isinywewe kwa siri.

Kwa nini twasema hivi? Kwa sababu mmea huu, ingawa ni jani tu, una nguvu nyingi. Huliamsha ini kuzivunja dawa nyingine upesi, zikatoka mwilini kabla ya kutimiza kazi yake. Mwaka 2000 ilitangazwa habari ya wagonjwa wawili wa Zurich, nchi ya Uswisi, waliokuwa wamebadilishiwa moyo. Walianza kutumia mmea wa Yohana, na dawa iliyokuwa ikiulinda moyo mpya ikapungua katika damu yao, hata mwili ukaanza kuukataa moyo ule. Walipouacha mmea, dawa ikarudia kiasi chake. Mwaka uo huo ilionekana pia kwamba mmea huu ulipunguza kwa zaidi ya nusu dawa moja ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Vivyo hivyo hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi na dawa ya kuzuia damu isigande. Na mtu akiuchanganya na dawa za hospitali za ugonjwa uo huo wa huzuni, aweza kudhurika sana.

Sasa tufikirini, ndugu. Mtu mwenye huzuni huficha mambo mawili. Huficha huzuni yake, maana aona haya, akihofu ataambiwa kwamba hana imani. Tena huficha dawa anayokunywa, maana akisema dawa, huzuni nayo itajulikana. Hivyo daktari ampa vidonge asijue kilichomo kikombeni mwake. Siri ya kwanza yazaa ya pili, na ya pili yaweza kuua.

Lakini mtazameni Yohana mwenyewe. Yeye aliyemwonyesha Kristo kwa kidole penye mto Yordani, sasa amefungwa gerezani, na moyo wake umeingiwa na mashaka. Afanyeje? Hakuyaficha. Aliwatuma wanafunzi wake wamwulize Bwana waziwazi kama ndiye ajaye. Naye Bwana hakumkemea. Alimpelekea habari za vipofu wanaoona na viwete wanaokwenda, kisha akamsifu mbele ya makutano. Ikiwa mkubwa namna hii alisema mashaka yake, sisi tulio wadogo twaona haya kwa nini? Hata Martin Luther aliijua huzuni ya namna hii, na mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, aliyekuwa akisumbuliwa nayo, kwamba aukimbie upweke na kutafuta wenzake.

Basi ninyi walimu na wazee wa sharika, akija kwenu mtu asiyelala usiku, asiyetaka kula, anayetetemeka bila sababu, msianze kwa kumlaumu. Mwulizeni kwa upole: Ndugu yetu, moyo wako wabeba nini? Kisha mwulizeni: Wanywa dawa gani, za nyumbani na za hospitali? Ombeni pamoja naye, halafu mpelekeni kwa daktari, majani yake mkononi. Asiache dawa za hospitali kwa shauri lake mwenyewe. Na akitamka neno la kutaka kufa, msimwache peke yake hata saa moja. Mpelekeni siku iyo hiyo.

Jani la Yohana likiwa gizani laonekana kama majani mengine. Likiinuliwa kwenye nuru, vitone vyake vyaonekana. Na tuiinue huzuni yetu vivyo hivyo mbele ya Mungu na mbele ya ndugu, pamoja na kikombe tunachokunywa. Bwana aliyemjibu Yohana gerezani atatujibu na sisi. Amina.