Sindano na Amana ya Sauti

Je, mnunuzi wa gramafoni hutafuta muziki au sifa? Wengi wetu huanza na spika kubwa, majirani wapate kujua kwamba kwetu kuna ngoma. Lakini kiigusacho santuri ya vinili ni sindano peke yake. Ikiwa butu, au mkono wake ukiilemea, hukwangua mifuo. Na gitaa la Franco wa T.P.O.K. Jazz, aliyefariki mwaka 1989, halitapigwa upya. Basi fedha ya kwanza na iende kwenye sindano, ya mwisho kwenye kishindo. Aliyerithi sauti ya marehemu ni mwekewa amana, si mwenye mali. Kuchagua chombo, ndugu walimu, ni kuchagua tumheshimu nani: mwanamuziki au nafsi zetu.