Mkono Ndani ya Lundo

Likizo iliyopita nilikwenda na mdogo wangu soko la Mpondwe, Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kununua maharagwe. Kopo la kupimia lilikuwa limebonyezwa chini. Mdogo wangu akaliona, akataka kusema; nikamkanyaga mguu. Njiani kurudi Kasese akaniuliza, "Kaka, mbona tulinyamaza?" Nikamjibu, "Ni subira."

Jibu hilo linanisumbua. Madrasani tulihifadhi Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, lakini hatukufundishwa mnunuzi afanye nini. Mtume (s.a.w.) alipopita penye lundo la chakula sokoni alitia mkono ndani, akakuta unyevu, akamuuliza mwenye mali. Mafakihi nao wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa.

Basi kukagua na kuuliza kwa adabu hakupingani na subira. Haki yangu naweza kuisamehe. Haki ya mama atakayepimiwa kwa kopo lile baada yangu si yangu kuisamehe.

Ndugu zangu, tukirudi nyumbani tuwafundishe hivyo wadogo zetu. Mimi nitaanza kwa kumwomba radhi mdogo wangu.