Kupotea kwa Hiari

Kuna raha fulani ya kutojua unakoenda, na sitaki kuikana. Mimi na rafiki yangu tulitua Mumbai na mabegi mgongoni, siku nne mkononi, ratiba hakuna. Tulikuwa tumelipia chumba cha usiku wa kwanza tu. Mengine, tulikubaliana, sarafu itaamua.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya shilingi 200, imebaki mfukoni tangu Dar. Asubuhi tukapanda treni kwenye stesheni kuu, lile jumba la mwaka 1887 ambalo wengi bado wanaliita VT. Kila kituo rafiki yangu anairusha: ikionyesha Karume tunashuka, ikionyesha simba tunaendelea. Masjid, simba. Byculla, simba. Abiria waliobanana mlangoni wakawa wanatucheka, nasi tunacheka nao. Parel ikatoka Karume.

Tukatembea bila kuuliza njia. Baada ya kona kadhaa tukakuta watu wamelala kando ya barabara, familia nzima, juu ya mikeka na maturubai. Mwanzoni nilidhani ni watu wasio na makazi. Kisha nikaona bahasha kubwa za picha za eksirei, mifuko ya dawa, na mtoto asiye na unywele hata mmoja, amevaa barakoa. Jirani na hapo kuna hospitali kubwa ya saratani. Watu hutoka majimbo ya mbali kuja kutibiwa, matibabu huchukua miezi, na kodi ya chumba Mumbai si ya mkulima. Basi wanaishi barabarani, wakisubiri tarehe.

Rafiki yangu akatoa kamera. "Hii ndiyo Mumbai yenyewe sasa," akaninong'oneza. Kabla hajapiga, mzee mmoja akatutazama, akayatazama mabegi yetu, akasogea pembeni ya mkeka wake kutupa nafasi. Akauliza neno moja: "Dawa?"

Halikuhitaji mkalimani. Neno ni lao na ni letu pia. Mzee aliona Waafrika wawili, wamechoka, wamebeba mizigo, hawajui waelekee wapi, akajua kilichowaleta. Na hakuwa amekosea sana. Watu wengi wa kwetu wakisema wanaenda India, huulizwi "kutalii?" Unaulizwa "nani anaumwa?"

Mama yangu mdogo alikwenda Chennai kwa michango ya ukoo. Kikundi cha WhatsApp, ahadi, kukumbushana, wengine kuuza vitu. Aliporudi nilimuuliza, kwa ujinga wa ujana, India ikoje. Akaniambia aliona korido na dirisha moja. Miaka yote hii sikulitafakari jibu lile, mpaka siku niliyosimama Parel nikitafuta "India halisi" kwa kurusha sarafu.

Neno la kumjibu yule mzee nilikuwa nalo, maana filamu za Kihindi zimenifundisha kwamba msafiri wao ni *musafir*. Ningelisema na ukweli ungekuwa umesemwa. Lakini niliona aibu kumwambia mtu aliyelala barabarani kwamba mimi nimepotea kwa kupenda. Nikaitikia kwa kichwa. Tukakaa, akatuagizia chai kwenye glasi ndogo, akakataa tusilipe. Kamera ilirudi begini.

Usiku ule tulibishana, tumekaa ukutani Marine Drive. Rafiki yangu akasema: "Sasa tufanyeje, tusisafiri? Tukibaki Dar, mzee anapona?" Hoja yake ni nzito, na sijaweza kuiangusha. Furaha yangu haikumnyang'anya mzee kitanda. Wala sidhani kila mwenye afya anapaswa kutembea ameinamisha kichwa kwa kuwa wengine wanaumwa.

Ila kuna jambo tulilokuwa tunajidanganya nalo. Tulijiita watu wasio na mpango, kumbe mpango tulikuwa nao, tena mkubwa: tiketi za kurudi, kadi za benki, afya. Sarafu ilichezea vitu vidogo tu. Mzee yule ndiye aliyekuwa hajui kesho, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda iwe hivyo. Kosa, naona, si kufurahia uhuru wetu. Kosa ni kuuita ujasiri, halafu kumpiga picha asiye nao ili hadithi yetu inoge.

Na kosa langu mwenyewe ni dogo zaidi, lakini ndilo linaloniwasha. Nilikunywa chai ya mtu kwa uongo. Alinipa kama mwenzake wa msiba, nami sikuwa. Najiuliza kama ukweli ungemfanya asogee tena pale pembeni ya mkeka, au kama angenipa chai hiyohiyo, maana msafiri naye ni mgeni. Sikumpa nafasi ya kuchagua.

Siku mbili zilizobaki tuliendelea kurusha sarafu. Raha ilikuwepo, sitadanganya tena. Lakini kila ilipopaa nilijikuta nawaza korido na dirisha moja.