Moto tumeuchukua, maji nani atayarudisha?

Ndugu msomaji, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alivitaja vitu vitatu ambavyo watu wana ushirika ndani yake: maji, malisho na moto. Je, mtu akiyaharibu maji katika kuutafuta moto, hukumu yake ni ipi?

Swali hili si la kubuni. Makaa ya mawe ni moto uliofukiwa ardhini. Huko Afrika Kusini upo mji wa eMalahleni, jina lenye maana ya mahali penye makaa, ambako wamechimba kwa zaidi ya miaka mia moja. Mgodi wa chini ya ardhi haufanyi kazi bila kuvuta maji kwa pampu, hivyo visima vya jirani huweza kukauka. Paa lake likiporomoka, miamba ya juu hupasuka na vijito hupotelea chini.

Ubaya mkubwa zaidi huja mgodi ukishafungwa. Pampu huzimwa na maji hujaa mashimoni. Ndani ya makaa na miamba yake mna chuma kilichoungana na salfa. Kikikutana na hewa na maji hutoa tindikali, nayo huyeyusha madini mengine na kuyapeleka mtoni.

Mwaka 2012 maji yenye tindikali yaliingia katika bwawa la mji wa Carolina, mkoa huo huo wa Mpumalanga. Wakazi wakakaa miezi kadhaa bila maji ya bomba ya kunywa, hata Julai mahakama ikaamuru wapelekewe maji safi ndani ya saa 72. Februari 2022, karibu na eMalahleni, kizibo cha zege cha mgodi wa zamani kilifumuka. Maji machafu yakafika Mto Wilge na samaki wakafa kwa wingi. Wachimbaji walikwishaondoka siku nyingi.

Atasema mtu: mwenye mgodi alikuwa na leseni, alilipa kodi, aliajiri watu na umeme ukapatikana. Hoja hii ina uzito, kwani umaskini nao ni madhara. Lakini leseni ni ruhusa ya kuchimba, si ruhusa ya kudhuru. Mafaqihi wetu walikiwekea kisima harimu yake, yaani eneo la pembezoni ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba akapunguza maji ya mwenzake. Walihitilafiana katika kipimo, wengine wakihesabu dhiraa, wengine wakitazama udongo na madhara. Kwamba kisima kina haki hiyo, walikubaliana.

Tatizo la makaa ni kwamba harimu yake haipimwi kwa dhiraa peke yake, bali na kwa miaka. Aliyedhulumu amekwishaondoka na aliyedhulumiwa pengine hajazaliwa. Huyo hawezi kwenda kwa kadhi kudai haki yake. Basi nani atamdaia?

Jibu langu ni kuwa hili ni deni, na deni huandikwa siku linapochukuliwa. Fedha za kuyatunza maji ziwekwe kabla ya jembe la kwanza. Kwamba inawezekana, tumeona: mwaka 2007 hapo hapo eMalahleni kilianza kazi kiwanda cha kusafisha maji ya migodini hadi yakanyweka. Lakini kazi hiyo haiishi makaa yanapokwisha. Bei ya makaa isiyohesabu gharama hiyo si rahisi, ila sehemu yake italipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Na sisi wa mijini tunaowasha taa tumo katika kula haki yake.

Kwetu Tanzania makaa yapo Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, na mito ya sehemu hizo huelekea Ziwa Nyasa. Kila anayekuja kuomba kuchimba aulizwe: mgodi ukishafungwa nani atayatunza maji, na fedha yake iko wapi? Asiyekuwa na jibu asipewe ruhusa.

Wallahu A'lam.