Masurufu ya Mke: Mazingatio ya Ndege na Nyuki



Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul An'am, aya ya 38, ya kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Basi na tuwazingatie viumbe wawili.

Wa kwanza ni hondohondo mwenye mashavu ya rangi ya fedha, akaaye katika misitu ya Afrika Mashariki. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyemchunguza huko Amani, Usambara, alieleza habari zake mwaka 1941. Jike huingia katika pango la mti, akaziba mlango kwa udongo aletewao na dume, ukabaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga na kulea kwa zaidi ya siku 100. Muda wote huo dume huenda na kurudi, koo limejaa matunda, akamlisha mkewe na watoto kupitia ufa ule, tunda baada ya tunda.

Wa pili ni nyuki mnene mwenye manyoya wa Ulaya, aitwaye Bombus terrestris. Dume wake hufa kabla ya baridi. Malkia hulala peke yake ardhini. Baridi ikipita hutoka, hutafuta shimo lililohamwa na panya, hufinyanga kijungu cha nta cha kuwekea asali, na huyaatamia mayai kwa joto la mwili wake. Hana wa kumletea, basi hutoka mwenyewe kwenda mauani.

Sheria yetu hatuichukui kwa ndege wala kwa mdudu, lakini mwenye akili huzingatia. Aliyefungiwa huletewa, asiyeletewa hutoka.

Na sisi je? Wako katika miji yetu wanaume wawawekao wake zao utawani kwa jina la dini, na jioni hawarudi hata na kibaba cha mchele. Fedha imekwishia kwenye miraa. Mke akipika mahamri auze, huambiwa hana haya. Ni nani hasa asiye na haya? Katika Suratut Talaq, aya ya 7, Mwenyezi Mungu amemwamrisha mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika alichojaaliwa. Hata fakiri hakusamehewa.

Basi, ewe mume, kabla ya kuuliza kama mlango wako umefungwa, jiulize umeingiza nini kwa mlango huo. Na mjane au aliyetelekezwa akitoka kutafuta halali, yatupasa tumsaidie, tusimseme.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.