Mlima Anaounywa Tembo

Asubuhi Amboseli, Kenya, kabla Kilimanjaro haijajifunika mawingu, mpigapicha ana njia mbili. Lenzi ndefu humletea jicho la tembo, kope zenye vumbi na makunyanzi ya ngozi. Vingine vyote huwa ukungu. Lenzi pana humwonyesha tembo yule yule akiwa mdogo chini ya mlima wa mita 5,895.

Ipi inamtambulisha tembo?

Wengi huuona mlima kama pambo. Kumbe mvua inayonyesha huko juu, upande wa Tanzania, hupenya kwenye miamba ya volkano, hupita chini ya ardhi na kuibukia Kenya, katika vinamasi ambamo tembo huzama hadi tumboni wakila majani. Tembo anaunywa mlima ule. Ukiutoa kwenye picha, umetoa sehemu ya mwili wake.

Katika Kurani, Surat al-An'am, aya ya 38, inawahesabu wanyama kuwa umma kama wanadamu. Umma una makao, njia na maji yake. Hauelezwi kwa sura ya mmoja wao tu.

Mpigapicha Nick Brandt alilionyesha hilo kwa uchungu katika kitabu chake Inherit the Dust (2016): picha za wanyama, kwa ukubwa wao halisi, zimesimamishwa kwenye majalala na machimbo ya Kenya, walikopita wanyama hao zamani. Watu wanaendelea na shughuli zao.

Hifadhi ya Amboseli ina kilomita za mraba 392 tu, na ushoroba wa Kimana, wanakopitia tembo kwenda mashariki, umebanwa na mashamba. Lenzi pana hunasa pia uzio wa mashamba hayo, na mpigapicha mwaminifu haufuti kwenye kompyuta.